Ng'ombe Mwekundu Gerejini Kwangu

Nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya muuza mkaa, nahangaika na nati iliyogoma, nikaona miguu miwili imesimama karibu na sikio langu. Viatu vya matairi, fimbo katikati, na nyuma yake kitu chekundu kinashushwa taratibu kutoka kwenye lori. Nikatoka kwa pupa nikajigonga paji la uso kwenye bampa. Kovu lipo mpaka leo. Wasichana nawaambia nilipigana na chui.

Lilikuwa gari la spoti. Nasema la spoti kweli, sio yale yetu ya kubandika stika za moto ubavuni halafu linawashwa kwa kusukumwa. Milango miwili tu. Limelala chini kama paka anayetaka kurukia panya. Na ule wekundu sio wa tofali wala wa vumbi letu la Tunduma. Ni wekundu wa pilipili iliyochumwa ikiwa bado na umande. Mimi kazi yangu ni kunyoosha bodi na kupuliza rangi. Rangi nimezipuliza mpaka nikikohoa natoa buluu. Ile sikuwahi kuichanganya na sikujua inachanganywaje.

Mwenye miguu alikuwa mzee mrefu, shuka begani, macho mekundu ya vumbi la safari.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea huyu umtunze."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Mzima kabisa."

"Sasa mzee, gereji analetwa mgonjwa. Mzima anaendeshwa."

"Na nani? Mimi kuendesha sijui."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaacha kucheka pole pole, kama mtu anayeshusha jeki.

Mzee alikuwa mfugaji wa kule bondeni, Kamsamba. Walihamia na ng'ombe wao zamani, wakatafuta majani mpaka wakayapata. Mwaka uliotangulia ugonjwa ukaingia zizini, ng'ombe wakawa wanaanguka asubuhi na jioni. Waliobaki, wale wa ukoo aliowaacha baba yake, akawapandisha mnadani wote kabla hawajafa. Siku hiyo hiyo, akiwa anatafuta gari la kurudi, akapita kwa mfanyabiashara mmoja wa magari aliyekuwa na lile jekundu limekaa miezi bila mnunuzi. Nani anunue? Barabara zetu wakati ule, gari la tumbo chini vile lingeishia kwenye tuta la kwanza. Mzee akasimama, akaliangalia, akakaa chini akaliangalia tena. Akalinunua.

"Ng'ombe wanakufa," akaniambia. "Chuma hakifi."

"Kinashika kutu, mzee."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Akanieleza utaratibu. Kwao, mtu mwenye akili haweki mifugo yote kwenye zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki awachungie. Rafiki anakunywa maziwa, anachukua samadi, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na mwenyewe anakuja kuwatazama anapotaka. Hili gari huko kwake lisingefika, na hata likifika litalala wapi, chini ya mti? Kwa hiyo mimi ndiye rafiki.

"Mzee, hata jina langu hulijui."

"Siku mbili nimekaa pale kwa mama wa chai nakuangalia. Unaimba ukifanya kazi. Mtu anayeimba hapigi mifugo."

Mwalimu wangu wa darasa la saba alinichapa kwa sababu hiyo hiyo ya kuimba.

"Na maziwa nitakunywa yapi?" nikamuuliza.

"Utayaona mwenyewe."

Gereji ile aliniachia marehemu baba. Tofali za kuchoma, bati, lango pana la mbao, na nyuma chumba anachokaa bibi mzaa baba. Mimi na bibi ndio familia. Bibi kwao Itaka, ana mdomo kuliko mimi, na kama kawaida ya mabibi ananiita mume wake. Alipotoka na kanga yake akaliona lile gari ndani limeng'aa, akashika kiuno.

"Mume wangu! Umeniletea mke mwenza?"

"Mgeni tu, bibi."

"Mgeni gani kajipaka wanja mpaka matakoni? Anapika?"

"Hapiki."

"Analima?"

"Halimi."

"Basi huyo ndiye atakayependwa," akasema, akarudi kupepeta mchele.

Bibi alikuwa sahihi. Kabla ya hapo asubuhi zangu zilikuwa baridi la Tunduma, sweta, kikohozi, na spana yenye umande. Sasa naamka giza halijaisha vizuri, nafungua lango kidogo, mwanga unaingia mstari mmoja, unaanzia kwenye taa, unapanda boneti, unateleza juu ya paa mpaka nyuma. Nimeshika kikombe cha uji, nimekaa juu ya tairi chakavu, naangalia tu. Uji unapoa. Kulikuwa na mkunjo mmoja kwenye bodi, unaanza mlangoni unakwenda kufia juu ya gurudumu la nyuma, yaani aliyeuchora yule mtu alikuwa na mapenzi na mtu. Nilikuwa naupitisha kidole bila kuugusa. Halafu nachukua taulo, nafuta vumbi ambalo halikuwepo.

Na maziwa yakaja kweli. Sikuamini. Habari zilitembea kwenye foleni ya malori, madereva wanaosubiri kuvuka wakawa wanakuja kuchungulia. Mtu akichungulia anaona aibu kuondoka bure, anakumbuka kwamba na yeye bampa lake limelegea. Wazambia wakawa wanavuka kwa miguu kutoka Nakonde. Mmoja alisimama langoni akavua kofia kama yuko kanisani.

"Mukwai, ba fundi," akanisalimia kwa heshima ya Kibemba, sauti ya chini, "naweza kuingia?"

"Ingia, ila usiguse. Anashtuka."

Nilikuwa nimegeuka askari. Mteja mmoja aliweka funguo zake juu ya lile boneti, nikamfukuza pamoja na kazi yake. Kazi yenyewe nilikuwa naihitaji.

Mzee alikuwa anakuja kila mwezi hivi. Anafika mchana, anamsalimia bibi, anaomba maji, halafu anaingia gerejini. Mara ya kwanza nilidhani atasimama kama wanavyosimama watu wote, aseme "dah" aondoke. Wapi! Alizunguka polepole. Akainama akatazama tairi moja moja kama anakagua kwato. Akaweka kiganja kwenye mbavu. Akapiga piga makalio, akasikiliza. Akaniambia niliwashe, likanguruma, bati likatetemeka, akainamisha kichwa akafumba macho.

"Kifua chake kizuri," akasema.

Baada ya hapo akakaa juu ya tairi langu, mimi nikakaa juu ya ndoo, tukaangalia. Saa nzima. Hatukuongea. Nimekaa na watu wengi maishani nikaongea nao kutwa tusielewane hata kidogo. Na yule mzee tulinyamaza, tukaelewana. Alikuwa anaona anachokiona, na mimi nilikuwa naona kitu hicho hicho.

Siku moja tumekaa hivyo akaniambia, macho hayatoki kwenye gari, "Hawa ndio ng'ombe wote wa baba. Amebaki huyu mmoja."

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye adabu angenyamaza. Mimi nikishikwa na huzuni mdomo wangu unatafuta mzaha wenyewe, kama kuku anavyotafuta jalala.

"Basi tumwombee, mzee," nikasema. "Maana hapa kwetu gari likiibwa asubuhi, mchana lina rangi mpya na linaongea Kibemba."

Nikacheka peke yangu. Mzee akageuza shingo.

"Kweli?"

"Utani tu, mzee."

"Nimekuuliza, ni kweli?"

Sasa ningesema nini? Mpaka wenyewe ni mtaa. Unanunua mkate Zambia unarudi kuunywea chai Tanzania. Na magari yalikuwa yanapotea, siwezi kudanganya. Mwezi ule ule lilipotea moja mtaa wa pili.

"Yapo mambo kama hayo," nikasema.

Mzee akainuka. Maji aliyoomba hakuyamaliza. Akaondoka kabla ya muda wake wa kawaida, nikabaki namwangalia anavyopishana na malori, nikajisemea ataliondoa. Kesho atakuja na lori lake ataliondoa. Usiku huo sikula. Bibi akaniuliza kama nina mimba.

Zikapita siku nane. Ya tisa akaja asubuhi, ana kifurushi kirefu kimefungwa kwenye kitambaa cha gunia. Akasalimia, akaomba jiko la mkaa.

Nikadhani ameleta nyama. Kwa kweli nilifurahi! Nikamletea jiko la bibi, nikachochea, nikatafuta na chumvi. Mzee akafungua kifurushi. Ndani mna fimbo ya chuma, mkono wake umesuguliwa na viganja mpaka unang'aa, na kule mwisho kuna duara lenye mkia mfano wa kata ya kuchotea maji. Akalichomeka kwenye mkaa.

"Mzee, hicho nini?"

"Chapa. Ya baba, na ya baba yake."

"Ya kumpiga nani?"

Akanionyesha kwa kidevu.

Niliangalia lile duara, nikaangalia ule wekundu, nikaangalia tena duara. Sauti ilipotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya mbuzi.

"Mzeeee!"

"Ng'ombe asiye na chapa ni wa kila mtu," akasema kwa utulivu. "Wewe mwenyewe umesema wanabadilisha rangi. Chapa haibadilishwi. Huyu akikutwa popote, hata huko kwa Wabemba, nitasema ni wangu na chapa itasema."

"Kuna kadi ya gari, mzee! Kuna namba! Kuna namba mpaka kwenye injini, imechongwa!"

"Ya nani?"

"Ya kiwandani."

"Sasa kiwanda ndio kilikuwa na ng'ombe?"

Nikamwambia nitaandika jina lake kwa rangi, nitalipuliza vizuri na kivuli chake. Akasema rangi inafutwa, nimekwambia sasa hivi. Nikamwambia basi tupige chini ya boneti, pale kwenye chuma cha ndani, hapataonekana. Akaniangalia kama nimetukana.

"Mwizi ukimwona, utamwambia subiri kwanza nimfunue nguo?"

Bibi akawa amesimama mlangoni. Nikamgeukia aniokoe.

"Bibi, mwambie!"

"Nimwambie nini mwenye mali?" bibi akasema. "Mimi jiko langu tu, asilitoboe."

Mzee akavaa kitambaa mkononi, akakiinua kile chuma kutoka kwenye moto. Duara limekuwa jekundu kama gari lenyewe. Akaenda nyuma, upande wa kulia, kwenye paja, maana ndipo wanapopiga wao. Nikapiga yowe nikamkumbatia kiunoni.

"Hapo tangi la mafuta! Mzee, hapo ndani petroli! Tutakwenda wote, mimi, wewe, bibi na mchele wake!"

Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Petroli iko tumboni?"

"Imejaa! Mzee, nikuulize. Ng'ombe mwenye mimba mnampiga chapa ya paja?"

"Hatumpigi."

"Basi huyu ana mimba."

Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, mzee alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikajua nimeshinda. Nikaanza kucheka na mimi, jasho linanitoka na baridi lile lote.

"Mwenye mimba," akasema akifuta macho, "tunampiga bega."

Akarudisha chuma kwenye mkaa.

Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu ya mafuta. Nikamwambia ukweli, bila mzaha, jambo ambalo sikulizoea. Nikamwambia mzee, mimi siwezi kuliona hili gari linaungua. Nimelifuta kila siku. Nalifahamu kuliko kiganja changu. Ukilichoma umenichoma mimi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akachuchumaa, tukawa tunaangaliana.

"Mwanangu, najua. Ndiyo maana yuko kwako. Lakini mimi kule nalala, naota zizi tupu. Naamka namkumbuka huyu, nalala tena. Tangu uliponiambia lile neno, sijalala. Ukikataa asipigwe, sikulazimishi. Nitamchukua nikamtafutie zizi lingine, wampige huko. Ila asiye na chapa, simwachi tena."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa mezani. Likae na alama, au liende. Nikafikiria gereji nyingine, fundi mwingine, labda yule wa karibu na stendi anayepigia nati nyundo. Nikafikiria asubuhi yangu na lile tairi na uji, mwanga unaingia halafu hauna pa kuteleza.

Nikainuka. Nikachomoa nyaya za betri. Nikasogeza mikebe ya rangi na thina nje, nikafungua lango lote, nikaleta ndoo ya mchanga. Kama ni wazimu, ufanywe na fundi. Nikataka kuwasha gesi yangu ya kuchomelea tupashe chuma haraka, mzee akakataa.

"Moto wa gesi una hasira. Wa mkaa una subira."

Chuma kikaiva. Mzee akakichukua, akaenda mbele kwenye bega la kulia, juu ya gurudumu. Akainua. Ulikuwa mkono uliopiga chapa tangu ujana wake, yeye mwenyewe alishanisimulia, mamia kwa mamia, anapiga huku anaongea na mtu mwingine. Sasa amesimama. Chuma kinaonekana ndani ya rangi, wekundu ndani ya wekundu, na uso wake umo humo. Anasogeza, anarudisha. Anasogeza, anarudisha. Chuma kikaanza kufifia.

"Mzee, kinapoa."

"Nakiona."

Akashusha mkono. Nilidhani ameumia. Akaniangalia, na nikashtuka kuliko nilivyoshtuka siku ile yote, kwa sababu mzee yule alikuwa anaogopa.

"Ng'ombe anakurushia teke," akasema. "Anakulilia, anakukojolea, mnamalizana. Huyu ananiangalia tu."

Akakirudisha chuma kwenye mkaa. Tukasubiri. Bibi hakusema neno, na bibi kutosema neno hata kwenye mazishi haijawahi kutokea. Chuma kilipoiva tena mzee akakitoa, akakishika katikati kwa kile kitambaa, akaniwekea mbele mkono wa kushikia.

"Wewe ndiye unayemchunga."

Nikakipokea. Sijui kwa nini nilikipokea. Mimi niliyemfukuza mtu kwa sababu ya funguo! Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nikasogea, nikapima kwa jicho kama ninavyopima kioo, maana nilisema kama gari linapigwa basi duara linyooke na ule mkunjo unaoanzia mlangoni, lisiwe kombo. Nikamsikia mzee nyuma yangu, "Usisite. Ukisita unamtesa."

Nikabonyeza.

Ilipiga mluzi mwembamba. Rangi ikajikunja, ikatoa povu jeusi, moshi ukanipanda puani, harufu ya plastiki na sukari iliyoungua. Nikahesabu tatu, nikatoa. Duara na mkia. Kingo zake nyeusi, katikati chuma tupu kinameta kama fedha. Kweli nilitaka kulia, na kwa vile bibi yupo nikasingizia moshi.

Mzee akasogea. Akatoa chupa ndogo kwenye shuka lake, akachovya kidole, akaanza kupaka pale palipoungua, polepole, akizunguka.

"Sasa hicho nini tena?"

"Samli. Kidonda hakiachwi kikavu."

Nilifungua mdomo nimwambie gari halina kidonda. Nikakumbuka chuma tupu kinahitaji mafuta kisishike kutu, nikaufunga. Hata shule ya ufundi wangesema apake.

Alipomaliza akafuta kidole kwenye fimbo yake, akasimama wima.

"Huyu wa nani?"

"Wako, mzee."

"Anakaa wapi?"

"Hapa."

"Siku nne usimwoshe."

Akakifunga chuma chake kwenye gunia, akamshukuru bibi kwa jiko, akaenda zake kutafuta gari la bondeni. Safari hii alikunywa maji yote. Bibi akachungulia lile bega kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Mke mwenza kachanjwa," akasema. "Sasa kawa mtu wa hapa."

Kesho yake nikaamka kama kawaida, nikafungua lango kidogo. Mwanga ukapanda boneti, ukafika begani, ukasimama pale kwenye ile samli, inameta, na nzi wawili wameshafika. Niliogopa kuliangalia, nikaliangalia. Nilitegemea nitaona baya. Nikakaa na uji wangu nikitafuta ubaya wenyewe uko wapi, sikuupata, na hilo likanishangaza mpaka uji ukapoa. Siku zote nne nilizunguka na taulo nikifuta nyuma, nikifuta milango, nikifuta paa. Nikifika begani nainua mkono, nawafukuza nzi, napita.